Fardhi Tuliyoisahau: Kazi ya Zimamoto kwa Kijana wa Kiislamu



Kiangazi kilichopita nilikuwa likizoni nyumbani, Koboko. Usiku mmoja, muda mfupi baada ya swala ya Isha, nyumba ya nyasi ya jirani yetu ilishika moto. Jerikani ya petroli ilikuwa imewekwa karibu na sigiri. Tulikimbia sote, wengine na ndoo, wengine na matawi mabichi, wengine na mayowe tu. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwaga maji juu ya petroli iliyokuwa inawaka, na moto ukaelea juu ya maji hayo mpaka kwenye banda la mbuzi. Ndani alikuwa amelala mtoto. Mdogo wangu, aliyekuwa amemaliza Senior Six, aliingia akitambaa na kutoka naye. Mtoto yu hai, alhamdulillah. Mdogo wangu ana kovu kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono.

Siku ya tatu alimwambia Baba kwamba anataka kazi ya zimamoto. Mjomba, ambaye hufundisha madrasa, akasema: "Mwanangu, tumekatazwa kujitupa katika maangamizi. Mtoto wa watu umemtoa, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini kulifanya hilo kila siku, tena kwa mshahara?" Baba akanigeukia mimi, maana ndiye ninayesoma dini chuoni. Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu niliyochelewa kulitoa. Nimeyaandika kama darasa, ili tuyasome pamoja katika duara zetu.

1. Moto katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.)

Qur'ani inautaja moto kama neema. Katika Surat al-Waqi'a, aya ya 71 hadi 73, Mwenyezi Mungu anatuuliza kuhusu moto tunaouwasha, kisha anasema ameufanya kuwa ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Lakini neema hii ina upande wa pili. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari alieleza kwamba moto ni adui yetu, akaamrisha tuuzime tunapolala. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) sababu imetajwa waziwazi: panya anaweza kuuburuta utambi wa taa na kuwaunguzia watu nyumba yao.

Tuangalie jambo hapa. Msiba ulipotokea, Mtume (S.A.W.) hakuishia kwenye rambirambi. Alieleza chanzo na kuweka kanuni ya kuzuia usirudi tena. Wataalamu wa zimamoto wa leo hufanya vivyo hivyo: wakimaliza kuzima huchunguza chanzo, kisha hutoa maelekezo.

Imam an-Nawawi, akiisherehesha hadithi hii, anasema amri inaingia katika taa na moto mwingine. Ama taa za kutundikwa misikitini na kwingineko, zikihofiwa kuleta moto zinaingia katika amri hiyo. Zikiwa salama hakuna ubaya, kwa sababu illa ya amri haipo. Hapa mwanafunzi wa fiqhi ana kazi ya kufanya. Illa ni hatari ya kuungua, si panya wala utambi. Kwa hiyo hadithi hii inamhusu mwenye kulala na tadooba inawaka, mwenye kuchaji simu juu ya godoro hosteli, mwenye kupikia chumbani kwa koili ya umeme, na mwenye kuweka petroli jikoni.

Hata sehemu tukufu hazikusalimika. Mwaka 654 Hijria, Ramadhani, Msikiti wa Mtume Madina uliungua kwa sababu ya taa ya mhudumu aliyeingia nayo stoo. Aprili 15, 1997 moto uliwaka katika mahema ya mahujaji Mina, wakafa watu 343. Baada ya hapo mahema ya kitambaa cha kawaida yaliondolewa na kuwekwa yasiyoshika moto kwa urahisi. Mahujaji waliendelea kumtegemea Mwenyezi Mungu, na hema nazo zikabadilishwa. Hiyo ndiyo tawakkul kamili.

2. Je, mzimamoto anajitupa katika maangamizi?

Hoja ya Mjomba inatoka katika Surat al-Baqara, aya ya 195. Ni hoja nzito, na haifai kujibiwa kwa haraka.

Tirmidhi na Abu Dawud wamepokea kisa cha Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) mbele ya mji wa Konstantinopoli. Muislamu mmoja alizivamia safu za adui, watu wakapiga kelele kwamba anajitia katika maangamizi. Abu Ayyub akawasahihisha. Alieleza kwamba aya hiyo iliwashukia wao Ansari, pale waliposema kwamba Uislamu umeshapata nguvu, basi warudi kuyatengeneza mashamba yao. Maangamizi yalikuwa kubaki na mali na kuuacha wajibu. Kwa hiyo aya hii haiwezi kuwa hoja ya kumzuia mtu asitimize wajibu wenye hatari.

Hata hivyo wanavyuoni wameitumia pia, kwa upana wa matamshi yake, kumkataza mtu kujiangamiza bila faida. Upande huu nao una hadithi yake, na inahusu moto wenyewe. Ali (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba kiongozi mmoja wa kikosi aliwakasirikia watu wake, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe, kisha waingie ndani. Wakasita, wakasema kwamba wao walimkimbilia Mtume (S.A.W.) kuukimbia moto. Habari zilipomfikia, Mtume (S.A.W.) alisema kwamba kama wangeingia wasingetoka, na kwamba utiifu ni katika mema tu.

Tukiziweka dalili hizi pamoja tunapata mizani. Kuingia motoni kwa amri ya kipumbavu, kwa kujionyesha, au pasipo matumaini ya kumwokoa yeyote, ni haramu. Kuingia kwa ajili ya kuokoa nafsi, kwa elimu na vifaa, pakiwa na dhana yenye nguvu ya kufanikiwa, ni jambo jingine kabisa. Surat al-Maida, aya ya 32, inafundisha kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kana kwamba amewahuisha watu wote. Hukumu hiyo imetajwa kwa Wana wa Israili, lakini fundisho lake limebaki kwetu.

Na kazi yenyewe ina mizani hiyo hiyo. Mzimamoto aliyefunzwa haingii peke yake. Haingii paa linapokaribia kuanguka. Huvaa mtungi wa hewa, kwa sababu katika moto wa nyumba moshi huwahi kuua kabla ya miali. Hujifunza kwamba moto unahitaji vitu vitatu, joto, kitu cha kuungua na hewa, na ukiondoa kimoja umeuzima. Hujua kwamba petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo huzimwa kwa povu, unga maalumu au mchanga. Laiti mmoja wetu angelijua hilo usiku ule, banda la mbuzi lingepona.

Basi jibu langu la kwanza kwa Mjomba ni hili: aliyekuwa karibu zaidi na maangamizi ni mdogo wangu usiku ule, bila mafunzo wala kifaa. Kumpeleka akafunzwe ni kumtoa katika hatari, si kumwingiza.

3. Fardhi kifaya, na hesabu yake

Tumezoea kutaja swala ya jeneza tunapoeleza fardhi kifaya. Lakini wanavyuoni, kama Imam al-Ghazali katika Ihya, wameingiza humo utabibu, hesabu na fani nyingine ambazo jamii haiwezi kuishi bila ya hizo. Wakitosha wa kuifanya, wengine wamesalimika. Wasipotosha, dhambi inawafikia wote wenye uwezo.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Arua ni jiji tangu Julai 1, 2020, na maduka na maghala yamebanana. Kwa miaka mingi mji huu umejulikana kwa vijana wa Opec, waliouza kando ya barabara petroli ya magendo kutoka mpakani ikiwa katika jerikani. Vijijini, kuanzia Desemba mpaka Februari, nyasi hukauka na watu huchoma mbuga, na upepo hauulizi nyumba ni ya nani. Kambi ya Bidi Bidi kule Yumbe, iliyofunguliwa mwaka 2016, ina wakimbizi zaidi ya 200,000, na wengi wao hupikia kuni karibu na nyumba za nyasi.

Ongezeni malori ya mafuta yanayopita kwenda Kongo na Sudani Kusini. Kuhusu malori haya Afrika Mashariki imeshalipa ada kubwa ya somo. Molo, Kenya, Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walikufa. Sange, Kivu ya Kusini, Julai 2, 2010, zaidi ya 200. Namungoona, Kampala, Juni 2013, zaidi ya 30. Morogoro, Tanzania, Agosti 10, 2019, karibu 100. Katika misiba hii wengi walikuwa watu wa kawaida waliosogea kuchota mafuta yaliyomwagika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini usiouona, na cheche moja ya pikipiki inatosha.

Na mashule je? Budo Junior, Aprili 2008, moto wa bweni uliua wasichana karibu 20. Shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Oktoba 2022, uliua watu 11. Wazazi wetu hutupeleka bweni tangu tukiwa wadogo. Ni nani kati yetu aliyewahi kufanyishwa zoezi la kutoka bwenini usiku?

Ukiuliza katika swafu ya msikiti wetu wa chuo ni wangapi wanataka ualimu, sheria, uhasibu au kazi ya mashirika, mikono itajaa. Ukiuliza zimamoto, utasikia kicheko. Kicheko hicho ndicho dalili kwamba fardhi hii hatujaitekeleza.

Waislamu wa zamani hawakuicheka. Istanbul, mji wa nyumba za mbao, ulianzishiwa kikosi rasmi cha wazimamoto mwaka 1720, chini ya Davud Aga, Mfaransa aliyesilimu na kutengeneza bomba la kusukumia maji.

4. Swala, saumu, ndevu na hijabu

Hapa ndipo wengi wetu husita: nitailindaje dini yangu kazini? Nimekusanya masuala manne.

Swala. Al-Izz ibn Abdis-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki mwaka 660 Hijria, ametaja katika Qawa'id al-Ahkam kwamba kumwokoa anayezama kunatangulizwa juu ya kutekeleza swala. Sababu yake ni kwamba maslahi yote mawili yanaweza kupatikana: utamwokoa, kisha utalipa swala. Maisha yakipita hayalipwi. Anayeungua ni kama anayezama. Zaidi ya hayo, Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kukusanya swala Madina pasipo khofu wala mvua, ili asiutie uzito umma wake. Baadhi ya wanavyuoni, akiwemo al-Qaffal wa madhehebu ya Shafi'i, wameruhusu kukusanya kwa haja, mradi isiwe mazoea. Tena moto hauwaki mchana kutwa. Siku nyingi za mzimamoto ni za kungoja, kukagua mipira na kuosha gari, na katika kungoja nafasi ya swala ipo.

Saumu. Al-Izz huyo huyo anasema aliyefunga akimwona mtu anazama, na hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, basi afungue. Katika Minhaj, Imam an-Nawawi anaongeza kwamba kwa kauli sahihi zaidi atalipa siku hiyo na kutoa fidia, kama mama anayenyonyesha aliyefungua kwa ajili ya mtoto. Maana ya hukumu hii ni nzuri: wote wawili wamefungua kwa ajili ya uhai wa mtu mwingine.

Ndevu. Barakoa ya mtungi wa hewa lazima igande usoni. Nywele zikipita kati, hewa huvuja na moshi huingia. Ndugu anayefuga ndevu atakutana na suala hili, na asidanganywe kwamba halipo. Kauli inayotegemewa kwa Shafi'i ni kwamba kunyoa ni makruhu; wengine wameharamisha. Hata kwa aliyeharamisha, kuna kanuni ya dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Kila mmoja amuulize shekhe wake, akimweleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi, kwa sababu fatwa sahihi huanza na sura sahihi ya jambo.

Dada zetu. Mavazi ya kuzimia moto ni mapana na hufunika mwili wote, na chini ya kofia ngumu huvaliwa kitambaa maalumu cha kichwa na shingo. Suala lililobaki ni kumgusa asiye maharimu wakati wa kuokoa, na hilo limejibiwa na kanuni kwamba dharura huruhusu kilichokatazwa. Bali tuulize upande wa pili: mama akiungua bafuni, au bweni la wasichana likiwaka, je, hatutatamani aliyekuja awe na dada pamoja nao? Na kazi ya ukaguzi wa majengo na kufundisha umma ni uwanja mpana kwa dada yeyote.

5. Mali ya watu

Mzimamoto huvunja milango. Wakati mwingine hubomoa nyumba ambayo haijaungua ili moto usipate njia. Je, atalipa?

Majalla, kanuni ya fiqhi ya Kihanafi iliyoandikwa na Dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, ina kifungu kuhusu suala hili hasa, namba 919. Mtu akibomoa nyumba ya mwingine bila idhini, na moto ukakomea hapo, kama ni kwa amri ya wenye mamlaka hadaiwi fidia. Kama ni kwa uamuzi wake mwenyewe, atalipa.

Hapa kuna funzo kwa wanaosema kwamba majirani wanatosha. Jirani ana huruma, lakini hana mamlaka. Sheria yenyewe inahitaji kuwepo kikosi kinachotambulika, chenye elimu na amri. Na kikosi hujazwa na watu, yaani mimi na wewe.

6. Njia ya kuingia

Nchini Uganda, zimamoto ni kurugenzi ndani ya Polisi. Kwa hiyo mlango wa kuingilia ni ajira ya polisi: subiri tangazo rasmi, tazama masharti ya umri, vyeti na afya, kisha usaili. Wanaochukuliwa hupitia mafunzo ya awali, ambayo kwa kawaida hufanyika chuo cha Kabalye, Masindi, kabla ya mafunzo ya fani yenyewe. Maana yake utakuwa askari, utapangiwa mahali popote nchini, na utatii amri. Mwenye kutaka kazi hii ajue hilo mapema. Tanzania Bara wana jeshi linalojitegemea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria ya mwaka 2007, na Zanzibar ina kikosi chake. Kenya, kwa katiba ya 2010, kazi hii ni ya serikali za kaunti.

Mshahara si wa kutajirisha, na nisiwadanganye. Je, kuupokea kunaondoa thawabu? La. Matendo huenda na nia, na Abu Bakr (R.A.) mwenyewe alipokea posho akiwa khalifa. Nuia kuokoa, na pokea haki yako.

Yafuatayo unaweza kuyaanza leo, hata kama hutavaa sare:

- Hifadhi namba 999 na 112, na ukipiga taja mahali kwanza: barabara, msikiti au shule iliyo karibu.
- Jua mtungi wa kuzimia moto wa hosteli yako uko wapi, na usome maandishi yake kabla ya siku ya haja.
- Fanya mazoezi ya mwili. Kumbeba mtu mzima ngazini hakujifunzwi kitabuni.
- Jifunze huduma ya kwanza. Moto mdogo wa ngozi hupozwa kwa maji safi ya kawaida kwa muda wa dakika 20, si kwa dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.
- Jumuiya yetu iwaalike maafisa wa zimamoto waje msikitini baada ya Ijumaa, watufundishe kwa vitendo.

7. Idhini ya wazazi

Nimeliacha hili mwisho kwa makusudi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiomba kwenda jihadi. Akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akamwelekeza akafanye juhudi katika kuwatumikia wao. Wanavyuoni wakachukua humo kwamba jihadi ya kifaya haiendewi bila ridhaa ya wazazi. Kazi ya hatari inafanana nayo. Kwa hiyo kijana asitoroke kwenda usaili akidai anafuata fardhi. Akae chini, awaeleze, awaache waulize, avumilie.

Ndivyo tulivyofanya. Nilimsomea Baba dalili hizi, Mjomba akiwepo. Mjomba alinisahihisha sehemu mbili, na nimeyaandika masahihisho yake humu. Kuhusu aya ya al-Baqara alinyamaza kidogo, kisha akasema kisa cha Abu Ayyub alikisoma zamani lakini hakuwahi kukifikiria kwa moto wa nyasi. Baba hakusema ndiyo. Aliushika mkono wa mdogo wangu, akalitazama lile kovu, akasema: "Tangazo likitoka, nileteeni nilisome mwenyewe."

Maswali ya kujadili katika duara

1. Ni illa gani iliyomo katika amri ya kuzima taa usiku, na inaingia katika vitu gani vya hosteli yetu?
2. Tofautisheni kati ya kikosi alichokisimulia Ali (R.A.) na mzimamoto anayeingia nyumba inayowaka.
3. Fardhi kifaya nyingine zipi zimekosa watu katika West Nile, na ni nani kati yetu anaziweza?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, awarehemu waliokufa kwa moto, na kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amewahesabu waliokufa kwa kuungua miongoni mwa mashahidi katika hadithi ya Jabir bin Atik (R.A.), awakubali kwa daraja hiyo. Na awalinde wale wanaokimbilia moto wakati sisi tunaukimbia. Amin.

Wabillahi tawfiq.